Hukumu Huandikiwa Aliyeshindwa

Ijumaa ya tarehe 1 Septemba 2017 ilikuwa Idi ya Kuchinja. Hapa Ngamiani, Tanga, pilau lilikuwa limeshaliwa, watoto wamejaa barabarani na nguo zao mpya, na sisi watu wazima tumerudi barazani kwenye kahawa. Mmoja wetu alikuwa na redio ndogo, ameitega kituo cha Mombasa. Huku kwetu nyumba nyingi zina mtu wao ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, upande wa Kenya: shangazi yuko Likoni, binamu yuko Kwale, mkwe yuko Kisauni. Uchaguzi wa Kenya tuliusikiliza kama habari za ukoo.

Jaji Mkuu David Maraga akasoma. Majaji wanne dhidi ya wawili. Uchaguzi wa rais uliofanyika Agosti 8 umebatilishwa, urudiwe ndani ya siku 60.

Pakawa kimya. Aliyekivunja kimya kile ni mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo upande wa Pangani. Hakuuliza nani amefaidika na uamuzi. Aliuliza, "Huyo jaji leo atalala wapi?"

Kijana aliyekaa jirani yangu akamjibu, "Heri sisi, babu. Huku kwetu rais akishatangazwa, ametangazwa. Majaji wetu wanalala majumbani mwao."

Ile "heri sisi" nimeisikia tena na tena tangu siku hiyo. Niliisikia Oktoba mwaka uleule, mambo ya Nairobi yalipochacha. Niliisikia mwaka 2020, Wamarekani walipokuwa wakigombania kiti cha jaji aliyefariki siku chache kabla ya uchaguzi wao. Kila nchi nyingine inapoingia kwenye mvutano juu ya mahakama yake ya juu, pwani hii hupata mtu wa kushukuru kwamba yetu haigombaniwi. Nataka kulijibu jambo hilo kwa uzito, kwa sababu wanaolisema si wajinga na hoja yao ina ushahidi.

Tuanze na Marekani, maana huko ndiko ushahidi wao ulikojaa.

Mahakama ya Juu ya Marekani ina majaji tisa, na idadi hiyo haijabadilika tangu mwaka 1869. Rais hupendekeza, Seneti hupiga kura, na jaji akishaapishwa hukaa mpaka afe, astaafu kwa hiari yake, au aondolewe na Bunge kwa kosa zito. Ukiisoma karatasi tu utasema hakuna jaji aliye huru kuliko huyo: hana wa kumfukuza wala wa kumpunguzia mshahara. Na kwa muda mrefu mpangilio huo ulifanya kazi kwa namna inayomshangaza mtu wa leo. Mwaka 1974 Rais Richard Nixon alikataa kutoa kanda alizorekodi ofisini kwake. Mahakama ikamwamuru azitoe, kura nane kwa sifuri, na watatu kati ya hao wanane aliwateua yeye mwenyewe. Wiki mbili baadaye akajiuzulu. Harry Blackmun, aliyeandika hukumu ya mwaka 1973 iliyotambua haki ya kutoa mimba, aliteuliwa na Nixon huyohuyo wa Republican. Ilikuwa vigumu kumjua jaji kwa kumwangalia aliyemleta.

Kisha tazama kura za Seneti. Mwaka 1986 Antonin Scalia, mhafidhina asiyejificha, alipitishwa kwa kura 98 na hakuna hata mmoja aliyempinga. Mwaka 1993 Ruth Bader Ginsburg, mtu wa mrengo wa pili kabisa, alipata 96 dhidi ya 3. Wawili hao hawakukubaliana karibu juu ya jambo lolote zito la katiba, lakini maseneta wa pande zote waliwapitisha kwa sababu swali lililoulizwa lilikuwa: je, huyu ni mwanasheria mahiri na mtu mwaminifu? Mwaka 2018 Brett Kavanaugh alipita kwa 50 dhidi ya 48. Mwaka 2020 Amy Coney Barrett alipita kwa 52 dhidi ya 48, bila kura hata moja ya Democrat. Mwaka 2022 Ketanji Brown Jackson alipata 53 dhidi ya 47. Ubora wa watu haukushuka katika miaka hiyo thelathini. Swali ndilo lililogeuka, na sasa ni moja tu: ni wetu au ni wao?

Scalia alifariki Februari 2016. Rais Barack Obama akamteua Merrick Garland mwezi uliofuata. Seneti, iliyokuwa chini ya Republican, ikakataa hata kumsikiliza, kwa hoja kwamba uchaguzi uko karibu na wananchi waachiwe waamue. Uchaguzi ulikuwa umebaki karibu miezi minane. Ginsburg akafariki Septemba 18, 2020. Safari hii uchaguzi ulikuwa umebaki wiki sita na ushei, na chama kilekile kikampitisha Barrett siku nane kabla ya kura. Katiba haikuvunjwa mara ya kwanza wala mara ya pili. Kilichovunjika ni ile aibu iliyokuwa ikimzuia mwenye nguvu kutumia nguvu zake zote, na aibu haina kifungu mahakamani.

Wazee wetu walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Hilo halina dawa. Rais yeyote atamtaka jaji anayefikiri kama yeye, na hata Franklin Roosevelt, mwaka 1937, alitaka kuongeza majaji mpaka 15 ili apate wanaomkubali. Aliyemzuia ni nani? Ni Seneti iliyojaa watu wa chama chake mwenyewe. Walimpenda, walimfuata kwa mengi, lakini pale wakasema hapana. Hapo ndipo ninapoona maana halisi ya mgawanyiko mkali wa kisiasa. Watu kutokubaliana ni jambo la kila siku. Kinachotisha ni pale ndani ya kila kambi anapokosekana mtu wa kumwambia mkubwa wake "hapana, hapa tumezidi", kwa sababu atakayesema hivyo ataitwa msaliti siku hiyohiyo.

Mwaka 2010 jambo dogo lilitokea ambalo wengi hawakuliona. Jaji John Paul Stevens alistaafu. Aliteuliwa na rais wa Republican na akamalizia upande wa waliberali. Baada yake, kila jaji mhafidhina aliyebaki alikuwa ameteuliwa na Republican, na kila jaji mliberali ameteuliwa na Democrat. Mstari wa vyama ukawa umepita katikati ya meza ya majaji. Tangu hapo hukumu nzito zimekuwa zikigawanyika kwa mstari huo: Juni 24, 2022, ilipofutwa ile haki ya mwaka 1973, na Julai 1, 2024, Donald Trump alipopewa, sita kwa tatu, kinga pana dhidi ya mashtaka kwa matendo ya kiofisi. Mwaka 2022 kura ya maoni ya Gallup ilikuta ni asilimia 25 tu ya Wamarekani wenye imani kubwa na Mahakama yao ya Juu, kiwango cha chini kuliko chochote ilichowahi kupima juu ya mahakama hiyo.

Lakini sitaki kuwaonea majaji hao. Desemba 11, 2020, jimbo la Texas lilipoomba matokeo ya majimbo manne aliyoshindwa Trump yazuiwe, mahakama iliyokuwa na majaji watatu wa Trump ilikataa kulisikiliza ombi hilo. Walisimama. Tatizo lao ni zito kuliko rushwa au woga. Hata wanapoamua kwa dhati ya sheria, nusu ya nchi haisomi tena hukumu. Inasoma majina ya walioiandika na ya waliowateua, kisha inafunga. Kesi ya nyani kapewa ngedere, wanasema, na hoja za kurasa mia zinabaki bila msomaji.

Hapa narudi kwa mzee wangu karani. Siku moja aliniambia jambo ambalo sijalikuta kwenye kitabu cha sheria. Katika miaka yake yote kaunta, alisema, mashauri ya minazi, mipaka, talaka na mirathi, mshindi alikuwa akija kuomba kukazia hukumu. Anataka mnazi wake, anataka dalali wa mahakama. Aliyeshindwa ndiye aliyekuja kuomba nakala ya hukumu. "Anataka kuona neno lake limejibiwa wapi, mwanangu. Wengine hawajui kusoma, wanatafuta mtu wa kuwasomea. Akikuta hakimu amelitaja neno lake na kusema kwa nini hakulikubali, anaweza kukata rufaa au akaenda nyumbani. Asipolikuta, huyo hatalala."

Nilipolisikia hilo nilielewa kwa nini hukumu huandikwa. Jaji angeweza kusema "fulani ameshinda" akanyanyuka. Mshindi asingelalamika. Kurasa zote zile zimeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyeketi upande wa pili, ili akubali kuishi na jambo ambalo hakulitaka. Mahakama haina jeshi wala hazina. Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, aliliandika hilo mwaka 1788 na halijabadilika. Mali yake yote ni ridhaa ya aliyeshindwa. Marekani mali hiyo inapukutika mbele ya macho yetu, na hilo nalikubali kwa wenye "heri sisi". Wameona sawasawa.

Kenya nako wana la kuonyesha. Siku ile ya Septemba mzee aliuliza jaji atalala wapi, na majibu yalikuja haraka. Siku ileile Rais Uhuru Kenyatta aliwaita majaji wale wakora, na kesho yake akasema mahakama ina tatizo linalotakiwa kurekebishwa. Oktoba 24 dereva wa Naibu Jaji Mkuu, Philomena Mwilu, alipigwa risasi na kujeruhiwa. Asubuhi yake Mahakama ya Juu ilitakiwa kusikiliza ombi la kuahirisha uchaguzi wa marudio. Akidi ni majaji watano. Walifika wawili, Maraga na Isaac Lenaola. Shauri halikusikilizwa, uchaguzi ukafanyika kesho yake bila mpinzani mkuu, Raila Odinga. Baadaye rais alikaa karibu miaka miwili bila kuwaapisha majaji waliopendekezwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na Juni 2021 alipowaapisha 34 aliwaacha sita, wakiwemo Joel Ngugi na George Odunga, ambao wiki chache kabla walikuwa kwenye jopo lililobatilisha mpango wake wa kubadili katiba, ule wa BBI.

Kwa hiyo ndiyo, mahakama inayogusa urais huchomwa. Lakini wanaosema "heri sisi" huizima redio hapo, na habari iliendelea. Mpango wa BBI ulipofika Mahakama ya Juu mwezi Machi 2022, rais aliyekuwa madarakani alishindwa na akakubali. Agosti mwaka huo Odinga, safari hii akiungwa mkono na Kenyatta mwenyewe, alishindwa uchaguzi na William Ruto. Akaenda mahakama ileile. Septemba 5 majaji wote saba, chini ya Martha Koome, wakamkatalia. Akasema hakubaliani na uamuzi kabisa, ila anauheshimu. Mwaka 2007 mtu huyohuyo alikataa kwenda mahakamani kwa sababu hakuiamini, na tunajua Kenya ilizika watu wangapi: zaidi ya elfu moja. Kati ya 2007 na 2022 kulikuwa na katiba mpya ya mwaka 2010, usaili wa majaji uliorushwa hewani kila mtu akiona, na ile hukumu ya Idi. Mahakama iliyomfuta rais aliyeko madarakani ilijinunulia haki ya kusikilizwa siku itakapomkatalia mpinzani. Ile ya pili isingewezekana bila ya kwanza.

Na ukivuka Ziwa Nyasa utakuta Malawi. Februari 3, 2020, majaji watano waliofika mahakamani kwenye gari la jeshi, wamevaa fulana za kuzuia risasi, walisoma kwa karibu saa kumi hukumu ya kurasa zaidi ya 500 na kuufuta uchaguzi wa rais ambao fomu zake zilikuwa zimepakwa wino mweupe wa kufutia. Mwezi Juni serikali ilijaribu kumpeleka Jaji Mkuu Andrew Nyirenda likizo ya kulazimishwa kabla ya kustaafu. Mawakili waliingia barabarani na majoho yao. Jaji Mkuu akabaki ofisini, kura zikapigwa Juni 23, na rais aliyeshindwa akaondoka. Malawi si nchi tajiri kuliko sisi, wala vyama vyake havipendani kuliko vyetu.

Sasa tuje nyumbani.

Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema mgombea akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Ibara ya 74(12) inaifungia mahakama njia ya kuchunguza jambo lolote lililofanywa na Tume hiyo katika kutekeleza kazi zake. Huo ndio usingizi mnono ambao kijana wa barazani aliusifia.

Watetezi wa ibara hizo wana sababu ambayo si ya kijinga: mahakama isiingizwe kwenye siasa. Wanasema kesi ya urais ikifika Mahakama ya Rufani, majaji watavutwa mashati, watapachikwa vyama, na kesho mama mwenye shauri la kiwanja Chumbageni hatawaamini tena. Nimeliheshimu jambo hili kwa muda mrefu. Lakini kila ninapolipima kwa yaliyotokea nchini mwetu wenyewe, halisimami.

Kwanza, majaji wetu wanaamua siasa kila baada ya miaka mitano. Matokeo ya mbunge yanapingwa Mahakama Kuu, na rufaa inakwenda Mahakama ya Rufani, ambayo huzunguka mikoani na hufanya vikao vyake hata hapa Tanga. Aprili 2012 Mahakama Kuu ilimvua ubunge Godbless Lema wa CHADEMA, Arusha Mjini. Desemba mwaka uleule Mahakama ya Rufani ikamrudishia. Chama tawala kilikuwa na hamu kubwa na jimbo lile, na mitaa ya Arusha ilikuwa ya moto. Mahakama haikubomoka. Kama jaji anaweza kuamua nani ni mbunge halali wa Arusha na akabaki jaji, inatakiwa hoja nzito sana kueleza kwa nini atageuka mwanasiasa karatasi ikiandikwa "Rais".

Pili, na hapa ndipo mimi mtu wa Tanga ninapoumia, mgogoro ukinyimwa mahakama haufi. Pemba tunatazamana nayo. Kule Zanzibar matokeo ya urais nayo hayafikishwi mahakamani. Oktoba 28, 2015, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alijitokeza kwenye televisheni akatangaza kuufuta uchaguzi mzima. Machi 20, 2016, ukarudiwa, wapinzani wa chama cha CUF wakasusa. Weka tukio hilo kando ya lile la Nairobi. Chaguzi mbili za Waswahili zilifutwa ndani ya miaka miwili. Mmoja ulifutwa baada ya pande zote kusikilizwa hadharani, mawakili wakabishana, majaji wawili wakapinga na kuandika kwa nini wanapinga, kisha sababu za walio wengi zikachapishwa zote. Mwingine ulifutwa kwa tangazo. Sababu zilisomwa, ndiyo, lakini hapakuwa na mahali pa kuzijibu. Aliyepanga foleni Wete au Chake Chake tangu alfajiri akataka kujua neno lake limejibiwa wapi, angeomba nakala kwa karani gani?

Na kabla ya hapo, mwisho wa Januari 2001, baada ya uchaguzi wa mwaka 2000 uliobishaniwa, watu zaidi ya 20 waliuawa katika maandamano, wengi wao Pemba. Takriban watu 2,000 walivuka bahari mpaka Shimoni, Kenya. Shimoni ni jirani zetu. Ukitoka Moa kwa mashua hufiki mbali. Wapo watu wazima hapa Tanga wanaokumbuka nyuso zile. Sisemi mahakama ingezuia yote. Nasema watu wale walikuwa na lalamiko, na barabara ndiyo iliyobaki wazi.

Tatu, kuinyima mahakama kazi nzito kunaizoesha woga. Tazama safari ya Mchungaji Christopher Mtikila na mgombea binafsi. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira, Mahakama Kuu Dodoma, alisema raia ana haki ya kugombea bila chama. Bunge likabadili Katiba kuizima hukumu hiyo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema tena kwamba haki ipo. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani, majaji saba, ikasema hilo ni suala la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, ikasema Tanzania imevunja haki za Mtikila. Mahakama hiyohiyo, Julai 15, 2020, ikatamka kwamba ibara ya 41(7) nayo inakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Wakati huo serikali yetu ilikuwa imeshatoa taarifa, tangu Novemba 2019, ya kuiondoa ruhusa ya raia kwenda mahakama hiyo moja kwa moja. Yaani tumewapa wageni nyumba Arusha, na mlango wa wenyeji tumeufunga.

Mahakama isiyogombaniwa inaweza kuwa mahakama inayoaminiwa na wote. Inaweza pia kuwa ile ambayo hakuna aliyeona faida ya kuigombania. Kwa nje hali hizi mbili zinafanana kabisa, na ndiyo maana "heri sisi" inatudanganya.

Lakini siwezi kumaliza kwa kusema fungueni mlango basi. Marekani imenifundisha woga wa kweli. Ukifungua mlango wa kesi ya urais huku mlango wa uteuzi umeachwa kama ulivyo, umemkabidhi mteuzi zawadi kubwa kuliko zote: kumchagua atakayemhukumu. Kwetu Rais huteua Jaji Mkuu, na Jaji Mkuu hupanga majaji wa kusikiliza shauri. Mwaka 2017 nchi ilikaa kuanzia Januari hadi Septemba na Kaimu Jaji Mkuu. Simtuhumu aliyekaimu hata chembe. Nasema tu kwamba mtu anayesubiri kuthibitishwa yuko kwenye usaili usiokwisha, na kiti kile hakikutengenezwa kwa ajili ya usaili.

Ujerumani ina njia ninayoiona bora kuliko ya Marekani. Majaji 16 wa mahakama yao ya katiba huchaguliwa kwa theluthi mbili ya kura, nusu na kila baraza la Bunge, na jaji hukaa miaka 12, hana kipindi cha pili. Theluthi mbili maana yake hakuna chama kinachoweza peke yake. Mtapatana juu ya mtu ambaye hakuna upande unaomwona adui. Miaka 12 bila kurudia maana yake hakuna kifo cha jaji kinachogeuka vita, wala jaji wa kumfurahisha mtu ili aongezewe muda. Si hirizi. Julai 2025 hata huko kura ya kuwachagua majaji ilikwama bungeni kwa sababu ya ugomvi wa kambi. Ikaahirishwa, wakarudi kuzungumza. Na umri wa kustaafu lazima ulindwe kama mboni ya jicho: Poland mwaka 2018 ilishusha umri wa majaji wa mahakama yake ya juu kutoka 70 hadi 65, kwa kalamu tu, ili wasiotakiwa watoke, mpaka mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema ni kinyume cha sheria.

Kazi hii kwetu haianzi sifuri. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilitaka Mahakama ya Juu yenye uwezo wa kusikiliza kesi ya urais. Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014, iliyopitishwa na Bunge Maalumu lililoivuruga rasimu ile kwa mengi, serikali tatu zikatupwa na waliosusa wakatoka nje, hilo la Mahakama ya Juu ililiacha mahali pake. Watu waliotukanana miezi mizima walikubaliana juu ya mlango huu mmoja. Kisha kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa, na mpaka leo karatasi zile ziko kabatini.

Tuna msemo unaoandikwa kwenye khanga na kupigiwa kelele uwanja wa Mkwakwani, Coastal Union inapofungwa: asiyekubali kushindwa si mshindani. Naupenda, na ninaukubali. Ila uwanjani aliyefungwa ameona mpira ukiingia wavuni. Mwambie akubali bao lililoingia uwanja ukiwa umefungiwa taa, uone kama msemo huo utamtuliza.

Mzee karani yuko bado, miguu tu ndiyo imemchoka. Juzi nilimpelekea kashata, nikamuuliza: ikitokea siku kesi ya urais inapokelewa nchini, masjala itahitaji nini? Alifikiri kama mtu anayeulizwa kazi yake. Akahesabu kwa vidole: rejesta mpya, muhuri wenye tarehe sahihi, mtu wa kuhesabu viambatanisho mbele ya pande zote, na sahihi ya aliyeleta. Nikamweleza kwamba mwaka 2017 Nairobi hati zilifika siku ya mwisho, usiku, saa nne imeshapita.

"Basi," akasema, "na karani asifunge saa tisa."